Tusi Bila Mtani: Gemu za Mtandaoni na Kazi ya Kuchuja Maneno

Matusi katika gemu za mtandaoni hupita njia nyingi. Yapo ya kuandikwa kwenye chati iliyo pembeni mwa kioo, yapo ya kutamkwa kwenye maikrofoni, na yapo yanayobebwa na jina ambalo mchezaji amejipachika mwenyewe. Mengine hayana neno hata moja: mchezaji akishamuua mpinzani wake huisimamia maiti na kuichezea ngoma. Gemu kama Free Fire, PUBG Mobile na Call of Duty: Mobile huchezwa sana kwa vikosi vya watu wanne wanaotupwa kisiwani pamoja, na kikosi kisichozungumza hakifiki mbali. Mazungumzo, kwa hiyo, si pambo la mchezo. Ni silaha mojawapo. Kampuni haiwezi kuwafunga wachezaji midomo bila kuuharibu mchezo wenyewe.

Milima ya Usambara ilizipata gemu hizi kwa njia ya simu. Kutoka Mombo barabara hupanda kilomita 33 hivi kupitia Soni mpaka Lushoto mjini, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kijiji kinachouona mnara hupata mtandao wa kuchezea. Kilichojificha nyuma ya mlima hupata wa kusuasua. Tena seva za gemu haziko Tanga wala Dar es Salaam. Ziko nchi za mbali, na kila amri ya kidole inayotoka Soni huchelewa kwa sehemu ya sekunde ambayo mchezaji wa karibu na seva haipotezi. Kijana analenga, kioo kinaganda, na kikirudi ameshakufa. Wenzake hawauoni mlima wala mnara. Wanachokiona ni mzembe aliyesimama wazi mpaka kikosi kikamalizwa. Matusi mengi ya usiku huzaliwa na kuchelewa huku, kabla hata chuki haijapata nafasi.

Mwaka 2004 mwanasaikolojia John Suler aliandika juu ya namna watu wanavyolegeza breki za adabu wakiwa mtandaoni. Sababu alizozitaja zinaeleweka hata kwa asiyewahi kushika simu: jina halijulikani, uso hauonekani, hakuna mkubwa wa kukemea, na yanayotendeka huonekana kama mchezo tu usio na mtu halisi upande wa pili. Katika gemu sababu hizo zote hukutana kwa pamoja, kisha joto la mashindano huongezwa juu yake.

Si kwamba jamii za Tanga zilikuwa hazitukanani kabla ya simu. Zilitukanana sana, ila kwa utaratibu. Mmoja wa watu walioandika mapema juu ya utaratibu huo aliishi katika milima hiyohiyo. R. E. Moreau, Mwingereza mtaalamu wa ndege, alifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, kuanzia mwaka 1928 hadi 1946. Kituo hicho kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Moreau alisifika kwa ndege, na yuko ndege mdogo wa misitu ya Amani anayeitwa kwa jina lake mpaka leo, lakini mwaka 1944 alichapisha katika jarida la Africa makala juu ya utani katika Tanganyika: makabila gani yanataniana, na mtani ana haki gani juu ya mtani wake.

Utani una kanuni ambazo hazikuandikwa popote na bado kila mtu anazijua. Mchaga na Mpare huambiana mambo ambayo wakiambiwa na mtu mwingine yangezua ugomvi. Wahehe na Wangoni, waliopigana vita katika karne ya 19, hutaniana pia. Ndani ya ukoo, bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume, na mjukuu humjibu kuwa amezeeka mno kwa posa. Msibani mtani huja akacheka, akamwigiza marehemu, akazuia jeneza mpaka apewe chochote, na waliofiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Lakini mtani huyohuyo akimkuta mkwe wake njiani atainamisha macho. Neno lilelile ni burudani kwa huyu na ni laana kwa yule. Linapimwa kwa msemaji, msemwa, mahali na wakati. Herufi zake peke yake hazitoshi kulihukumu.

Utaratibu huo haukuwa na usawa wakati wote. Utani wa shemeji, kwa mfano, umewafunika wanaume wengi walioshika wasichoruhusiwa kushika, na mwanamke aliyelalamika akaambiwa hajui mzaha. Hata hivyo ulikuwa na jambo moja ambalo gemu haina: pande zote mbili zilijua tangu mwanzo kwamba zimo ndani ya utani. Mashabiki wa Simba na Yanga, ambao magazeti huwaita watani wa jadi, bado wanalielewa jambo hilo. Vijembe vya Jumamosi baada ya mechi haviendi mahakamani Jumatatu.

Mahakama nayo ina kipimo chake. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamtia hatiani anayemtolea mwenzake lugha ya matusi, lakini kwa sharti: iwe kwa namna inayoweza kusababisha uvunjifu wa amani. Kesi za namna hii husikilizwa Mahakama ya Mwanzo, kwa Kiswahili, mara nyingi kati ya majirani waliogombea mpaka wa shamba au ndoo ya maji. Lushoto ndiko kilipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, ambako makarani na watumishi wengine wa mahakama hupata mafunzo. Sheria wanayofundishwa hapo haimwagizi hakimu kuwa na orodha ya maneno machafu. Inamtaka aulize nani alisema nini, kwa nani, mbele ya nani, na nini kingeweza kutokea.

Kwa upande wa mtandao sheria ni kali zaidi. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kutuma maudhui machafu au ya kuudhi kwa nia ya kumsumbua mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 23, inagusa ujumbe wa kutisha, kusumbua au kumtesa mtu kihisia, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Zingesomwa kwa ukali, sheria hizi zingejaza mahabusu vijana wa gemu kwa usiku mmoja. Haziwezi kutumika hivyo, wala haifai zitumike hivyo. Mtukanaji ana jina la bandia, huenda yuko nchi nyingine, na mara nyingi ana miaka 14. Kazi ya kila siku ya kudhibiti lugha imebaki mikononi mwa kampuni zenye gemu.

Kampuni hizo zilianza na njia rahisi kuliko zote: orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku. Programu hupitia kila ujumbe, ikikuta neno lililo kwenye orodha hulifuta au kulifunika kwa nyota au alama za reli. Udhaifu wake ulijulikana mapema. Mwaka 1996 kampuni ya AOL iliwakatalia wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, kufungua akaunti kwa sababu jina la mji wao limebeba ndani yake tusi la Kiingereza. Tangu hapo wahandisi wameupa mkasa huo jina la mji, na bado haujaisha.

Kwa Kiswahili mkasa huo ni mkubwa zaidi. Kijana wa Lushoto aliyeitwa na kikosi chake huku ana kazi za nyumbani anaweza kuandika: “Ngojeni, nataka kumaliza kufagia, bibi analala, kisha nikakune nazi.” Hakuna sentensi safi kuliko hiyo. Ipitishwe kwenye chujio linalotazama herufi tu. Herufi nne za kwanza za “analala” ni neno la Kiingereza linalohusu sehemu ya siri. Ndani ya “kufagia” mna tusi zito la Kiingereza lenye herufi tatu. “Nazi”, tunda la pwani nzima ya Tanga, ni jina la chama cha Hitler. Na iwapo kampuni imejitahidi kuweka matusi ya Kiswahili, basi “kumaliza” nalo limekwisha, pamoja na “kumaanisha”, kwa sababu ya herufi nne za mwanzo ambazo msomaji hahitaji kuandikiwa hapa. Kwa Kiingereza “mashitaka” lina uchafu katikati, “kanusha” vivyo hivyo, na salamu ya “assalaam aleikum” huanza na tusi. Kijana hutuma sentensi ya adabu, wenzake hupokea nyota, nao hudhani ametukana.

Upande wa pili ni mbaya zaidi, kwa sababu matusi halisi hupita. Muundo wa Kiswahili unaisumbua orodha yoyote. Kitenzi kama “piga” hutokea kama ninakupiga, walitupiga, ungepigwa, tutapigiana, msingempigisha. Kitenzi cha matusi hufanya vilevile, na hakuna mtu atakayeketi kuorodhesha maumbo yake yote. Juu ya hapo vijana wana tahajia yao ya simu: “mtu” ni m2, “sasa” ni xaxa, “sijui” ni cjui. Tusi lililoandikwa kwa mtindo huo linasomeka na kila mwenye miaka 12, na mashine hupita juu yake bila kugutuka. Na kikosi chote kikiwa cha watoto wa Mlalo au Bumbuli, lugha huhamia Kisambaa, ambacho wenye gemu hawana habari nacho kabisa.

Chujio la maneno hushindwa pia na fumbo. Katika miaka ya 1990 Disney ilipokuwa ikitafuta namna salama ya watoto kuzungumza mtandaoni, wabunifu walijaribu mfumo ambao mtoto angechagua maneno kutoka orodha safi tu. Randy Farmer, mmoja wa wataalamu waliokuwapo, alisimulia baadaye kwamba mvulana wa miaka 14 aliyeletwa kuujaribu alitunga jambo la aibu kwa dakika chache, akitumia twiga, sungura na maneno mengine ambayo hayana doa. Disney iliishia kuwapa watoto sentensi nzima zilizokwisha kutungwa, wachague tu, na ndivyo ilivyokuwa katika gemu ya Toontown ya mwaka 2003. Yeyote aliyekulia mkoa wa Tanga, mkoa wa taarabu ya Black Star na Lucky Star, angeweza kuwaambia mapema kwamba orodha ya maneno safi haitatosha. Fumbo la taarabu linamchoma jirani mbele ya ukumbi mzima bila kutamka lolote la kukamatwa nalo, na kanga hufanya kazi hiyo uani kila asubuhi.

Kenya iliwahi kujaribu kuandika orodha ya aina hii kwa ngazi ya taifa. Kabla ya uchaguzi wa mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitangaza maneno ya kuchunga, yakiwamo “madoadoa” na “kwekwe”. Kamusi haina ubaya wowote na maneno hayo. Ubaya umo katika historia ya wanaoambiwa: kuitwa doa au gugu mahali ambapo wewe ni mgeni ni kuambiwa uondolewe. Mashine inayosoma herufi itamwadhibu mkulima wa Soni anayelalamikia kwekwe katika shamba lake la kabichi, na kumwacha mchochezi anayejua kubadili neno kila wiki.

Ndiyo maana kampuni zimehamia kwenye akili mnemba, inayosoma sentensi nzima badala ya neno. Mwaka 2023 Activision ilianza kutumia mfumo uitwao ToxMod kusikiliza sauti za wachezaji katika gemu zake kubwa za Call of Duty. Ulianza na Kiingereza, ukafuatiwa na Kihispania na Kireno. Kiswahili, chenye wasemaji zaidi ya milioni 100 wa lugha ya kwanza na ya pili, hakikuwa kwenye foleni hiyo ya mwanzo. Sababu si ugumu wa lugha. Mashine hufundishwa kwa mifano iliyosomwa na kuwekewa alama na binadamu, mifano hiyo ni ghali, na hulipiwa kwanza kwa lugha za wateja wenye fedha nyingi.

Wanaoisoma mifano hiyo wako karibu kuliko inavyodhaniwa. Nairobi imekuwa kituo kikubwa cha kazi hiyo. Kuanzia mwaka 2019 kampuni ya Sama iliajiri watu huko kuchuja maudhui ya Facebook katika lugha za Afrika. Jarida la TIME lilifichua hali zao Februari 2022, na Mei mwaka huohuo Daniel Motaung, aliyewahi kuwa mmoja wao, akazifungulia Meta, kampuni mama ya Facebook, na Sama kesi Nairobi. Januari 2023 Sama ilitangaza kuacha kazi hiyo, na wachujaji 184 wakaenda mahakamani. Mwezi huohuo TIME iliandika kwamba wafanyakazi wengine wa Sama walikuwa wamelipwa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na uchafu, ili mashine ya OpenAI ijifunze kuyatambua. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilithibitisha kwamba Meta inaweza kushitakiwa nchini humo.

Kesi hizo ni za mitandao ya kijamii, si za gemu, lakini ujuzi ni uleule na wenye ujuzi ni walewale. Mtu anayeweza kusema kama “mbwa wewe” ni kicheko cha marafiki au ni mwanzo wa kumwandama mtoto wa mwenzie, mtu huyo yupo Nairobi, Dar es Salaam, Tanga. Watafiti nao wameonyesha kwamba inawezekana: mwaka 2025 ulitolewa mkusanyo uitwao AfriHate, wenye mifano ya lugha ya chuki na ya matusi katika lugha 15 za Afrika, Kiswahili kikiwamo, iliyowekewa alama na wenye lugha zao. Zamani kampuni zingeweza kusema kwamba data haipo. Sasa haziwezi.

Wakati mashine zikisubiriwa, njia zilizoleta nafuu ya wazi ni zile zilizogusa mpangilio wa mazungumzo badala ya maneno. Riot Games, wenye League of Legends, walikuwa wakiwaacha wapinzani waandikiane mechi nzima. Baadaye walibadili: chati kati ya timu mbili ikafungwa tangu mwanzo, anayeitaka aifungue mwenyewe. Kwa takwimu zao, maandishi mabaya katika chati hiyo yalipungua kwa asilimia 32.7 na mazuri yakaongezeka kwa asilimia 34.5, huku matumizi yake yakibaki karibu palepale. Hakuna neno lililopigwa marufuku. Kilichoongezwa ni ridhaa: aliyefungua chati amejua anaingia kwenye kurushiana vijembe. Huo ni utani, ingawa wahandisi hawakuuita hivyo.

Kampuni hiyohiyo iliwahi pia, kati ya mwaka 2011 na 2014, kuwapa wachezaji wenyewe mashauri ya wenzao wayaamue kwa kura, wakisoma chati nzima ya mechi badala ya neno moja lililokatwa. Mpango ulisimamishwa, sehemu kwa sababu hukumu zilichelewa. Kijana aliyetukana leo akifungiwa mwezi ujao hakumbuki alitukana nini. Xbox ilichagua ngazi: tangu Agosti 2023 mchezaji hupewa alama za makosa, na akifikisha 8 hufungiwa mazungumzo na michezo ya mtandaoni kwa mwaka mzima. Uzuri wa ngazi ni kwamba mtu huona mapema anakoelekea.

Wanaoumia zaidi hawajapata suluhisho hata hapo. Wasichana wengi huzima maikrofoni kikosi kikianza, kwa sababu sauti yao ikisikika tu mechi hugeuka kuwa maswali, posa na uchafu. Wengine hujipa majina ya kiume. Hapa hoja ya utani haina nafasi, kwa sababu hakuna aliyeridhia na hakuna uhusiano wowote kati ya anayesema na anayeambiwa. Mtoto naye hana ulinzi wa kutosha. Gemu nyingi huweka mpaka wa miaka 13, kwa kufuata sheria ya Marekani ya mwaka 1998 ya faragha ya watoto, na mpaka wenyewe mara nyingi huvukwa kwa kuandika mwaka wa uongo wa kuzaliwa. Simu ikiwa ya baba au ya kaka, gemu inamhesabu anayecheza kuwa ni baba au kaka.

Mzazi wa Lushoto ana vitufe vichache, lakini vinafanya kazi. Gemu nyingi za vikosi humruhusu mchezaji kuzima sauti ya mtu mmoja au ya wote, kupokea ujumbe wa marafiki tu, na kumripoti mchezaji kwa kubonyeza jina lake. Kikosi cha watoto wanaojuana, wa mtaa mmoja au shule moja, ni salama kuliko cha kuokotezana, kwa sababu anayevuka mpaka kesho atakutana na mwenzake uso kwa uso. Ripoti iandikwe hata kama kampuni haisomi Kiswahili: ripoti nyingi juu ya akaunti moja huhesabiwa, na hesabu haihitaji mkalimani. Vitisho, udhalilishaji wa mtoto na picha za ngono ni mambo ya polisi, si ya kitufe. Kwa hayo, picha ya kioo ipigwe papo hapo, ikionyesha maneno, jina la mchezaji na namba ya akaunti yake, kwa kuwa gemu nyingi hufuta chati mara mechi inapofungwa.